Greenstreet: Mgeni wa Sinema Mwenye Miaka 61

Sydney Greenstreet alisimama mbele ya kamera ya sinema kwa mara ya kwanza mwaka 1941, akiwa na miaka 61. Jukwaani alikuwapo tangu 1902.

Mzaliwa huyu wa Sandwich, Uingereza, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa ngozi. Ujanani alikwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, kulima chai, ukame ukamrudisha kwao. Akajaribu kazi ya kiwanda cha pombe, kisha akajifunza kuigiza. Akavukia Marekani na kundi la maigizo la Ben Greet, akacheza Shakespeare na vichekesho, na miaka ya 1930 akawa kwenye jukwaa moja na Alfred Lunt na mkewe Lynn Fontanne, vinara wa Broadway.

John Huston, naye akiongoza filamu yake ya kwanza, ndiye aliyempa nafasi ya Kasper Gutman katika The Maltese Falcon. Gutman anasaka sanamu ya ndege inayosemekana kuwa na thamani isiyo kifani. Huston aliishusha kamera, tumbo la pande hilo la mtu likajaa kwenye skrini. Lakini unene haumtishi mtazamaji. Kinachotisha ni adabu. Gutman anacheka, anasifu, anamimina kinywaji, na huku anapanga ubaya. Mtazame anapoikwangua sanamu kwa kisu na kukuta ni bandia. Anababaika, anatweta, nusura azimie. Mara anajikusanya, anacheka, na yuko tayari kwenda Istanbul kuanza upya. Kugeuka namna hiyo hakujifunzwi studio.

Aliteuliwa kuwania Oscar, ingawa tuzo ilikwenda kwa Donald Crisp. Mwaka uliofuata akawa Ferrari katika filamu ya Casablanca, mwenye baa avaaye tarbushi. Anaonekana kidogo tu, lakini hasahauliki.

Alicheza filamu 9 pamoja na mwigizaji Peter Lorre, mfupi mwenye macho makubwa. Hapo ndipo studio ya Warner Bros. ilipomfunga, kwa maoni yangu: ilimrudisharudisha kwenye ubaya uleule, ilhali jukwaani alikuwa mchekeshaji hodari. Filamu ya vichekesho Christmas in Connecticut ya 1945 inatuonjesha tulichonyimwa.

Filamu yake ya mwisho, Malaya, ilikuwa ya 1949. Maradhi ya figo na kisukari yalishamchosha. Redioni aliigiza mpelelezi Nero Wolfe hadi 1951, mwili haupo, sauti inatosha. Alifariki Januari 1954.