Reli Iliyofuata Magadi

Treni wanayoijua wakazi wa Gataka na Kitengela siku hizi ni SGR ya dizeli, iliyofika Ongata Rongai mwaka 2019. Lakini kaunti yao, Kajiado, imekuwa na reli kwa zaidi ya karne moja, na ya kwanza haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilifuata magadi.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliwafunga Wamaasai kwa mkataba uliowatoa Laikipia na kuwasukuma kusini, katika nchi ileile ambayo reli hiyo ingeipasua. Njia ilichepuka Konza kutoka reli kuu ya Mombasa, ikapitia Kajiado, kisha ikateremka Bonde la Ufa hadi Ziwa Magadi: kilomita 146, zilizokamilika mwaka 1915. Kazi ngumu ilikuwa kurudi. Mabehewa yalishuka matupu, yakapanda na shehena, takriban mita elfu moja kutoka Magadi hadi Konza.

Wapenzi wa injini za mvuke, Waingereza wakiwa mbele, huvutwa zaidi na majitu ya reli kuu. Kati ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda injini 34 za muundo wa Garratt, aina ya 59, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi. Hazikuwa na mpinzani kwa nguvu kwenye reli za upana wa mita moja popote duniani. Boila ilining'inizwa katikati, kati ya seti mbili za magurudumu: kwa kuwa haikuwa na gurudumu chini yake, ingeweza kunenepa bila kizuizi, na injini ikajipinda vizuri konani. Zilichoma mafuta, si makaa ya mawe. Zikipanda kutoka Mombasa na tani 1,200, zilipita Athi River, jirani kabisa na Kitengela.

Dizeli ziliziondoa kazini katika miaka ya 1970. Kati ya zile 34 zimebaki mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, zote katika Makumbusho ya Reli Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mount Gelai ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikavuta treni za wageni waliokuja na kamera kuifuata njiani.

Hata hivyo, sura ya Kajiado haimo katika majitu hayo. Kila ekseli yao ilibeba tani 21, mzigo uliozidi nguvu ya reli nyepesi za matawi. Anayeitafuta sura hiyo aanzie Konza, apite stesheni ya Kajiado, kisha ashuke kupitia Elangata Wuas na Singiraini, akipima kwa macho mlima ambao injini ndogo zaidi ziliupanda na magadi mgongoni.