Sabuni ya uso yenye asidi

Sabuni ya uso yenye asidi ni sabuni ya maji, jeli au povu ya kunawia uso ambayo imetiwa asidi dhaifu ili kulegeza seli zilizokufa za tabaka la juu la ngozi na kuzibua vinyweleo. Hutumiwa hasa na watu wenye chunusi, wakiwemo vijana walio katika umri wa balehe. Asidi inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni asidi salisiliki. Nyingine ni asidi glikoliki, asidi laktiki na asidi mandeliki.

Ikitumika kwa kiasi, sabuni ya aina hii hupunguza chunusi ndogo na za wastani. Ikitumika kupita kiasi, au ikichanganywa na vitu vingine vikali, huunguza ngozi na kuacha madoa meusi yanayoweza kudumu kwa miezi mingi. Madoa hayo huonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo namna ya kuitumia ni jambo la maana kwa wasomaji wa Afrika Mashariki.

## Maana ya maneno

Neno *asidi* huwatisha wengi kwa sababu hulihusisha na asidi ya betri ya gari, ambayo ni asidi sulfuriki. Lakini asidi ziko za nguvu mbalimbali. Maziwa ya mgando yana asidi laktiki, siki ina asidi asetiki, na ndimu ina asidi sitriki. Hata ngozi yenyewe ina utando wenye asidi kidogo: kipimo chake cha pH kwa kawaida ni kati ya 4 na 6. Sabuni ya kawaida ya kipande ina alikali, na pH yake mara nyingi ni kati ya 9 na 10. Ndiyo maana uso uliooshwa mara nyingi kwa sabuni ya kufulia hukakamaa na kupauka.

Neno *kuchubua* nalo huleta mkanganyiko. Nchini Tanzania watu wakisema fulani "anajichubua" humaanisha kwamba anatumia vipodozi vya kung'arisha rangi ya ngozi, ambavyo mchanganyiko wake huitwa *mkorogo*. Asidi ya sabuni ya uso nayo hubandua ngozi, lakini hubandua seli ambazo zimekwisha kufa. Haikusudiwi kubadilisha rangi ya asili ya mtu. Sabuni ya "chunusi" inayoahidi pia kumfanya mtu awe mweupe inastahili kutiliwa shaka.

## Historia

Tangu zamani watu wa Ulaya na Mashariki ya Kati walitumia magome ya mti uitwao kwa Kilatini *Salix* kutuliza maumivu na homa. Jina la asidi salisiliki limetokana na mti huo. Mwaka 1838 mwanakemia Mwitalia Raffaele Piria alipata asidi hiyo kutokana na dutu iliyotolewa katika magome. Baadaye Mjerumani Hermann Kolbe alibuni njia ya kuitengeneza bila kutegemea mti, na uzalishaji wa viwandani ulianza katika miaka ya 1870. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza kutoka kwake dawa iliyokuja kuitwa aspirini.

Katika Afrika Mashariki asidi salisiliki si ngeni. Ni mojawapo ya viambato viwili vya mafuta ya Whitfield, dawa ya fangasi ya ngozi inayofahamika katika zahanati nyingi. Kiambato cha pili ni asidi benzoiki. Mafuta hayo yana asilimia 3 ya asidi salisiliki na asilimia 6 ya asidi benzoiki. Ni ya fangasi wa mwilini na hayafai kutumiwa usoni kama dawa ya chunusi.

Asidi glikoliki na wenzake waliingia katika tiba ya ngozi baada ya Eugene Van Scott na Ruey Yu wa Marekani kuandika mwaka 1974 juu ya matumizi yake kwa wagonjwa wenye ngozi yenye magamba.

## Namna inavyofanya kazi

Chunusi huanza ndani ya kinyweleo. Wakati wa balehe homoni huzifanya tezi za mafuta zitoe mafuta mengi zaidi. Seli zilizokufa, badala ya kupukutika, hugandamana na mafuta hayo na kuziba tundu. Bakteria *Cutibacterium acnes*, ambao huishi kwenye ngozi ya kila mtu, huongezeka ndani ya tundu lililozibwa, na mwili hujibu kwa wekundu, uvimbe na usaha. Kwa hiyo chunusi hazisababishwi na uchafu, na kusugua uso kwa nguvu hakuziondoi.

Asidi salisiliki huyeyuka katika mafuta. Sifa hiyo huiwezesha kuingia ndani ya kinyweleo chenye mafuta na kulegeza kizibo. Pia hupunguza uvimbe. Asidi glikoliki na asidi laktiki huyeyuka katika maji na hufanya kazi zaidi juu ya ngozi.

Nchini Marekani dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari huruhusiwa kuwa na asidi salisiliki kati ya asilimia 0.5 na 2. Kwa vipodozi vya nyumbani vyenye asidi glikoliki, wataalamu wa nchi hiyo walipendekeza kisizidi asilimia 10 na pH isipungue 3.5. Dawa kali zaidi za kubandua ngozi hutumiwa na wataalamu kliniki, na hazifai kujipaka mwenyewe.

## Matumizi salama

Hatua zifuatazo zinahusu sabuni yenye asidi salisiliki isiyozidi asilimia 2.

1. Kusoma kibandiko. Mtumiaji aangalie jina la asidi, asilimia yake, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji. Chupa isiyotaja viambato isinunuliwe.
2. Kujaribu sehemu ndogo. Sabuni kidogo hupakwa chini ya taya au nyuma ya sikio, husuuzwa, na jambo hilo hurudiwa kwa siku tatu. Ikitokea lengelenge, uvimbe au mwasho mkali, isitumike usoni.
3. Kuanza polepole. Wiki mbili za kwanza inatosha kuitumia mara mbili au tatu kwa wiki, usiku. Ngozi ikistahimili, inaweza kutumika mara moja kila siku.
4. Kiasi kidogo. Kiasi cha punje ya kunde kinatosha uso mzima. Hupakwa kwa ncha za vidole kwenye ngozi iliyoloweshwa, kwa muda usiozidi dakika moja, bila kugusa macho, midomo na ndani ya pua.
5. Kusuuza vizuri. Povu lisibaki kwenye nyusi, kingo za nywele na chini ya kidevu. Uso hukaushwa kwa kugusishwa taulo safi, usisuguliwe.
6. Kulainisha ngozi. Losheni nyepesi isiyo na manukato hupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta mazito kama mafuta ya nazi, yanayopendwa sana mkoani Tanga na pwani nzima, yanaweza kuziba vinyweleo vya uso. Mafuta ya nywele yanayoteremka huleta chunusi kwenye paji la uso.
7. Kujikinga na jua. Mchana hutumika losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, au angalau kofia pana, mtandio au mwavuli.

Matokeo huonekana kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 12. Anayeongeza kipimo baada ya siku tano kwa sababu haoni tofauti huharibu kazi aliyoianza.

### Mahali penye uhaba wa maji

Maelekezo mengi ya vipodozi huandikwa kwa watu wenye bomba ndani ya nyumba. Katika sehemu nyingi za wilaya ya Handeni, zikiwemo kata za vijijini kama Mazingara, maji huchotwa na kubebwa, nayo hutumika kwa hesabu. Asidi iliyobaki usoni kwa sababu ya kusuuzwa nusunusu huendelea kuwasha usiku kucha. Ni afadhali kunawa kwa sabuni hiyo mara mbili kwa wiki na kusuuza kikamilifu kwa kopo moja au mawili ya maji safi, kuliko kila siku kwa maji machache. Maji yaliyokwisha kuoshea vyombo au nguo hayafai kusuuzia uso.

### Jua

Asidi glikoliki na jamii yake huifanya ngozi iungue kwa jua kwa urahisi zaidi, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa wiki moja baada ya kuacha kuitumia. Kwa mtu anayeshinda shambani au anayetembea kwa miguu kwenda shule juani, asidi salisiliki ya usiku ndiyo chaguo lenye hatari ndogo. Watu wenye ualbino wanahitaji ushauri wa mtaalamu kabla ya kutumia asidi yoyote ya ngozi. Kwa ajili yao losheni maalumu ya kukinga jua hutengenezwa mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC.

## Vitu visivyochanganywa

Kosa la kawaida ni kutumia dawa nyingi kwa pamoja ili kupona haraka. Sabuni yenye asidi isitumike usiku mmoja na skrabu yenye chembechembe, dodoki, tona yenye alkoholi au dawa za jamii ya vitamini A kama tretinoini, isipokuwa daktari ameelekeza. Benzoili peroksidi ni dawa nzuri ya chunusi, lakini ikiunganishwa na asidi huweza kukausha ngozi kupita kiasi; pia hupausha rangi ya taulo, mtandio na sare ya shule.

Ndimu na limau, ambavyo wengi hujipaka kama "asidi ya asili", si mbadala salama. Maji yake yana pH inayokaribia 2. Zaidi ya hayo, ndimu ina kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi husababisha majeraha kama ya moto na kuacha madoa meusi. Mkoani Tanga, ambako matunda jamii ya machungwa hulimwa kwa wingi, ni rahisi kuyapata na ni rahisi pia kuyatumia vibaya. Dawa ya meno na majivu navyo huunguza.

## Madoa meusi na mkorogo

Chunusi inapopona kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huacha doa. Doa hilo si kovu: ni rangi ya ngozi iliyoongezeka mahali palipokuwa na uvimbe, na hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa ikiwa halikubinywa wala kuchomwa na jua.

Hatari huanza mtu anapokosa subira. Hununua krimu ya kuondoa madoa, na nyingi za krimu hizo zina hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Kwa wiki chache uso hung'aa na chunusi hupungua. Baadaye ngozi hukonda, mishipa midogo huonekana, na chunusi za aina nyingine, zitokanazo na steroidi, huzuka kwa wingi. Akiacha krimu, uso huwaka. Akiirudia, hutulia kwa muda. Hapo mtu huwa amefungwa. Kuongeza sabuni yenye asidi juu ya ngozi iliyokonda hivyo huzidisha maumivu. Aliyefikia hatua hiyo amweleze mtaalamu wa afya bila aibu majina ya krimu zote alizotumia, maana bila habari hiyo tiba hukosewa.

Nchini Tanzania vipodozi vyenye hidrokwinoni, zebaki na steroidi vimepigwa marufuku. Usimamizi wa vipodozi ulikuwa chini ya TFDA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003. Mwaka 2019 kazi hiyo ilihamishiwa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba.

## Wasiofaa kuitumia

Sabuni yenye asidi salisiliki isitumiwe na mtu mwenye mzio wa aspirini, wala kwenye ngozi yenye kidonda, iliyoungua au iliyonyolewa punde. Isipakwe mwili mzima, hasa kwa watoto wadogo, kwa sababu asidi inaweza kufyonzwa na kudhuru. Mjamzito aulize kliniki kwanza, ingawa sabuni ya kusuuzwa yenye asilimia 2 huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana.

Pia si kila kipele ni chunusi. Vipele vidogo vinavyofanana na kuwasha sana kwenye paji la uso au kifuani wakati wa joto vinaweza kuwa fangasi wa vinyweleo, ambao huhitaji dawa nyingine. Vipele vya ndevu hutokana na nywele zilizopinda na kuingia ndani ya ngozi.

## Wakati wa kumwona mtaalamu

Kuchoma kidogo kwa sekunde chache na kubanduka kidogo katika wiki za mwanzo ni kawaida. Uso ukivimba, ukitoa maji, ukiuma hata kwa maji matupu au ukianza kuwa mweusi, sabuni iachwe mara moja na uso uoshwe kwa maji tu mpaka utulie. Anayevimba midomo au kupumua kwa shida apelekwe hospitali haraka. Chunusi kubwa, ngumu na zenye maumivu, au zinazoacha mashimo, hazitibiwi kwa sabuni. Zinahitaji dawa za daktari mapema kabla makovu hayajawa ya kudumu.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya. Kwa wakazi wa Handeni na Korogwe hatua inayofuata ni hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo mjini Tanga. Mjini Moshi, kwenye barabara kuu inayopita Korogwe kuelekea kaskazini, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ambacho hufundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika.

## Tazama pia

- Chunusi
- Asidi
- Ngozi
- Balehe
- Aspirini
- Ualbino