Fidia, Mchango na Bima: Historia ya Maneno ya Malipo ya Tiba ya Meno katika Kasulu na Kibondo

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza maneno machache yanayotumika katika malipo ya matibabu, hususa matibabu makubwa ya meno, na kueleza namna yalivyofika katika wilaya za Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Tumechagua meno kwa kuwa mikataba ya bima aghalabu huyatenga katika fungu lake peke yake. Tumechagua wilaya hizi kwa kuwa ziko mbali na mabingwa: kutoka Kasulu hadi Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, ni karibu kilomita 100, kutoka Kibondo ni zaidi ya kilomita 200, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, iko mbali zaidi. Mtu aliyeisoma vibaya hati yake ya bima huko hupoteza nauli, siku za kazi na akiba ya nyumbani.

Enzi ya fidia

Wajerumani walipoweka kituo chao Ujiji katika miaka ya 1890, wafanyakazi wa viwandani kwao walikwisha kuwa na bima ya maradhi kwa sheria ya mwaka 1883. Mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja, na mfuko wenyewe waliuita kwa neno lenye maana ya sanduku la wagonjwa. Sanduku hilo halikuvuka bahari. Chini ya Waingereza, Buha ikawa chimbuko la vibarua wa mashamba ya mkonge. Vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda Tanga na Morogoro kwa mkataba, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Tangu mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya iliendeshwa na ofisi iliyojulikana kwa jina la SILABU.

Neno lililowahusu watu hao ni fidia. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mali itolewayo kumkomboa mtu. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilipotungwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilimhusu aliyeumia kazini. Yafaa tuliangalie neno hili kwa makini: fidia hutazama nyuma, kwenye hasara iliyokwisha kutokea. Kibarua aliyeumwa jino hakuwa na fidia ya kudai, kwa kuwa jino lililooza si ajali ya kazini. Nyumbani Buha alitegemea waganga wa kienyeji, zahanati za Serikali na hospitali za misheni, kama Kabanga ya Wakatoliki na Heri ya Waadventista Wasabato, ambayo hivi sasa imo katika Wilaya ya Buhigwe.

Bima isiyokuwa ya afya

Bima ni neno lililotujia kwa njia ya Bara Hindi, nalo huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Tofauti na fidia, bima hutazama mbele: mtu hulipa kabla ya msiba kwa kuuhofia. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, likakabidhiwa shughuli zote za bima nchini. Lakini bima iliyozoeleka wakati huo ilikuwa ya gari, ya moto na ya maisha. Matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure, na sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku uganga wa binafsi wa kutafuta faida. Mafunzo ya madaktari wa meno yalipoanza Muhimbili mwaka 1979, aliyetarajiwa kuwalipa ni Serikali. Kwa hiyo neno bima lilikomaa katika Kiswahili bila ya kumgusa mgonjwa, na mkulima wa Kibondo asiyekuwa na gari hakuwa na sababu ya kulitamka.

Mchango na mfuko

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Uganga wa binafsi uliruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 hospitali za Serikali zilianza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama. Kitendo hicho kiliitwa kuchangia. Hapa neno lilibadilishwa maana pasipo watu kuarifiwa. Katika desturi, kuchangia ni kutoa pamoja na wenzako kwa ajili ya mwenye shida. Anayechangiwa ndiye mhitaji. Katika lugha mpya ya hospitali, mhitaji mwenyewe ndiye aliyeambiwa achangie.

Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990 na kupata sheria yake mwaka 2001, ulilirudisha neno karibu na maana ya asili: kaya nyingi hutoa kidogo, na anayeugua hutibiwa. Ulipoboreshwa, mchango wa mikoani uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Jina lake halina neno bima. Mfuko wa watumishi wa Serikali, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri, uliyaunganisha maneno mawili: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Hatimaye sheria ya mwaka 2023 ikaitwa ya Bima ya Afya kwa Wote, na neno mfuko likaondoka katika jina. Kwa miaka ishirini na kidogo, majina yenyewe yanaonyesha safari kutoka ujirani hadi mkataba.

Jirani zetu wa Kigezi, nyanda za juu za Uganda, wanatupa mfano wa safari hiyo. Vyama vyao vya engozi, yaani vya machela, viliundwa ili watu wasaidiane kumbeba mgonjwa. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi ilianzisha mpango wa bima juu ya msingi wa vyama hivyo. Watu walielewa kwa haraka, maana wazo lilikuwa lao tayari.

Jino na hati ya bima

Sheria ya bima ya mwaka 1996 iliyafungulia mlango makampuni ya binafsi. Kasulu na Kibondo zilikuwa zimekwisha kupokea wakimbizi wengi wa Burundi na Kongo, na mashirika ya kimataifa yakafungua ofisi huko. Umoja wa Mataifa una mpango wake wa bima ya matibabu kwa watumishi inaowaajiri nchini, na waajiri wengine hununua bima kwa makampuni. Hivyo karani au dereva wa Kibondo aweza kuwa na hati ambayo jirani yake mkulima hana.

Humo ndimo jino linapoleta matata. Duniani kote meno ni ya kwanza kutengwa. Uingereza ilianza kutoa matibabu bure kwa wote mwaka 1948. Ilipoanza kutoza mwaka 1951, vilivyotangulia vilikuwa meno ya bandia na miwani, na waziri Aneurin Bevan akajiuzulu. Mikataba ya binafsi nayo hufanya hivyo kwa njia nne: huweka kiwango cha juu cha malipo ya meno kwa mwaka, hudai muda upite kabla ya tiba kubwa kulipiwa, humwachia mgonjwa sehemu ya gharama, na hutaka idhini kabla ya kazi kuanza.

Mfasiri anapoyafumba yote hayo kwa maneno “bima inafidia matibabu ya meno”, msomaji wa Kibondo huelewa kwamba kila kitu kimelipwa. Husafiri hadi Mwanza kuwekewa taji, akaambiwa hati yake ni ya kung'oa na kuziba tu. Au akaambiwa alipe kwanza, kisha arejeshewe. Kosa la pili limo ndani ya neno fidia lenyewe, ambalo, kama tulivyoona, hutazama nyuma.

Mapendekezo

Tunapendekeza maneno yafuatayo, ambayo yote ni ya Kiswahili cha kawaida. Anachotoa mwanachama wa mfuko kiitwe mchango. Anachomlipa mtu kampuni kiitwe ada ya bima. Kulipiwa kitumike pale bima inapomlipa daktari moja kwa moja, na kurejeshewa gharama pale mgonjwa anapotanguliza fedha yake. Mengine yawe kikomo cha malipo, muda wa kungojea, sehemu ya mgonjwa na kibali cha awali. Tiba ya kawaida ya meno iwe kusafisha, kuziba na kung'oa. Tiba kubwa iwe kutibu mzizi, taji, daraja, meno ya bandia, kupandikiza jino na upasuaji wa taya. Kwa vile mikataba hutofautiana, mfasiri aorodheshe kila tiba kwa jina lake.

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, neno la mfasiri laweza kusomwa mbele ya hakimu. Wahenga walikwisha kusema kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Waliijua thamani ya jino la kubandika na upungufu wake, wakayasema yote mawili katika maneno machache. Hati ya bima inayomfikia mwalimu wa Kasulu au karani wa Kibondo haina budi kusema wazi namna hiyo: kinacholipiwa, kisicholipiwa, na nani atatoa fedha kwanza.