Dawa ya Ng'ombe Iliyoua Tai: Kazi ya Munir Virani

Ndugu mfugaji, wiki hii naiacha kahawa na mahindi kidogo. Kila msimu wa kulima ukifika, swali linalonifuata kuanzia hapa Vwawa hadi vijiji vya Momba ni moja: maksai amevimba mguu na plau inamsubiri, nimchome sindano gani? Wengi huuliza huku jibu wanalo tayari, yaani diklofenaki, ileile ya kutuliza maumivu ya binadamu, kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila duka. Kabla sijajibu naomba nikusimulie habari ya Mkenya mmoja, maana jibu langu limetokana na kazi yake na ya wenzake.

Anaitwa Munir Virani, mtaalamu wa ndege wawindaji na wala mizoga. Shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1999, lakini utafiti wenyewe aliufanya nyumbani kwao, kusini mwa Ziwa Naivasha. Alichunguza ndege wa jamii ya mwewe mwenye mkia mwekundu, yule ambaye hata huku kwetu nyanda za juu unamwona amekaa juu ya nguzo anatazama panya shambani. Alitaka kujua matumizi ya ardhi yanavyoathiri viota vyake. Ni kazi ya kupanda miti na miamba, kuhesabu mayai na makinda, kisha kurudi mwaka unaofuata kuhesabu tena. Haina sifa nyingi, lakini ndiyo iliyomfaa baadaye.

Wakati huohuo bara la Asia lilikuwa na msiba. India, Pakistan na Nepal zilikuwa na tai wa mizoga, yaani tumbusi, kwa mamilioni. Ng'ombe wa Mhindu akifa haliwi na watu, kwa hiyo mzoga ulipelekwa pembeni mwa kijiji na tai wakaumaliza kwa muda mfupi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Vibhu Prakash aliripoti kwamba tai wa hifadhi ya Keoladeo wanakufa ovyo. Wengine walionekana wameketi mtini, shingo zimelegea, kisha wanaanguka. Kufikia mwaka 2007, jamii iliyokuwa na tai wengi kuliko zote nchini India, yule mwenye mgongo mweupe, ilikuwa imepungua kwa asilimia 99.9 ukilinganisha na mwaka 1992. Yaani katika kila tai 1,000 alibaki mmoja.

Mwaka 2000 shirika la The Peregrine Fund la Marekani, likishirikiana na chama cha wataalamu wa ndege wa Pakistan, lilianza uchunguzi katika jimbo la Punjab. Virani alikuwa mmoja wa waliokwenda. Hakuwa peke yake, na sitaki kumpa sifa za wenzake: alikuwepo daktari wa mifugo Martin Gilbert, na vipimo vya maabara viliongozwa na Lindsay Oaks wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Kazi ilikuwa kuhesabu viota vilivyo hai, kuokota tai waliokufa kabla hawajaoza kwenye joto kali, na kuwapasua.

Ndani ya wengi walikuta kitu kilekile. Moyo, ini na viungo vingine vilikuwa vimefunikwa na unga mweupe kama chokaa. Hiyo ni asidi ya yuriki. Ndege huitoa kupitia figo, na figo zikifa haina pa kwenda, inaganda mwilini. Kwa hiyo swali likawa: ni nini kinachoua figo?

Wataalamu wengi waliamini ni virusi vipya. Wakapima virusi, bakteria, madini mazito kama risasi, na viuatilifu vya shambani. Hapakuwa na jibu. Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo sisi maafisa ugani tungelifanya siku ya kwanza (natania kidogo, lakini si sana): walikwenda kwa wauza dawa za mifugo. Chakula cha tai hawa kilikuwa karibu chote mizoga ya mifugo, basi labda sumu imo ndani ya mfugo. Wakauliza ni dawa gani zinauzwa, ipi inaweza kupita tumboni ikaingia kwenye damu, na ipi inajulikana kudhuru figo. Iliyokidhi yote ni diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe iliyokuwa imeingia sokoni kwa mifugo na kupendwa haraka kwa sababu ya bei.

Wakarudi maabara. Tai 25 waliokufa kwa figo walipimwa, na wote 25 walikuwa na diklofenaki. Tai 13 waliokufa kwa sababu nyingine walipimwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Kisha wakawalisha tai nyama ya mifugo iliyochomwa dawa hiyo kwa kipimo cha kawaida, na tai wakafa kwa ugonjwa uleule. Matokeo yalitangazwa Budapest mwaka 2003 na kuchapishwa katika jarida la Nature mwaka 2004, jina la Virani likiwa miongoni mwa waandishi.

Mfugaji ataniuliza: ng'ombe wangu mmoja atamaliza tai wa nchi nzima? Wataalamu walipiga hesabu hiyo. Ilitosha mizoga isiyofika mmoja katika kila 100 kuwa na dawa, tai wakaisha kwa kasi iliyoonekana. Sababu ni kwamba mzoga mmoja hukusanya makumi ya tai, na tai huyo atakula mzoga mwingine siku chache baadaye, na mwingine tena.

Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Watu wakahamia kwenye ya binadamu, iliyouzwa kwa chupa kubwa, wakawachoma nayo ng'ombe. Mwaka 2015 India ikalazimika kuamuru chupa ya sindano ya binadamu isizidi mililita 3, ili kumtibu ng'ombe nayo kuwe gharama na usumbufu. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye somo kwetu sisi wa mpakani, ambako dawa hupita Tunduma kutoka pande zote: marufuku ya kwenye karatasi haimfikii mtu mwenye bomba la sindano na ng'ombe anayechechemea.

Na huku kwetu je? Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini yalionyesha kwamba tai wetu wa Afrika mwenye mgongo mweupe hudhurika vilevile. Mwaka 2007 iliripotiwa kuwa diklofenaki ya mifugo imekutwa ikiuzwa hapa Tanzania. Virani aliporudi Kenya alikuta adui mwingine amekwishatangulia: sumu ya shambani inayomwagwa kwenye mzoga ili kulipiza kisasi kwa simba au fisi aliyeua ng'ombe. Simba anaweza asije, lakini tai lazima waje. Mwaka 2012 alisimama Nairobi kwenye jukwaa la TED akawatetea ndege ambao watu wengi huwaona wachafu. Baadaye alishiriki utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada, uliokuta jamii 8 za tai wa Afrika zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka 30. Katika vifo vilivyorekodiwa, asilimia 61 vilitokana na sumu, na asilimia 29 vilitokana na biashara ya viungo vya tai kwa dawa za kienyeji.

Ogada na wenzake pia waliweka mizoga ya mbuzi Kenya, mingine tai wakizuiwa kuifikia. Pasipo tai mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda kuisha, na wanyama kama fisi na mbweha waliokusanyika pale waliongezeka mara tatu. India nafasi ya tai ilichukuliwa na mbwa, na mbwa akileta kichaa hang'ati mzoga tu.

Sasa jibu la maksai wako. Usimchome diklofenaki, iwe ya duka la mifugo au ya binadamu. Muulize daktari wa mifugo kuhusu meloksikamu, ambayo ilijaribiwa kwa tai ikaonekana salama. Ketoprofeni usiikimbilie kama mbadala, nayo imeua tai kwenye majaribio, na aseklofenaki ikiingia mwilini mwa ng'ombe hugeuka kuwa diklofenaki ileile. Kama ng'ombe alishachomwa na amekufa, usimburute porini: mfukie kwa kina ambacho mbwa na fisi hawatafukua. Na akiwa amekufa ghafla huku damu ikitoka puani au nyuma, usimpasue kabisa, hiyo inaweza kuwa kimeta. Piga simu kwanza, kisha nisomee jina la dawa ya mwisho aliyochomwa na tarehe yake.