Monika, Msichana Asiyepewa Njia

Mara ya kwanza nilipocheza Doki Doki Literature Club! nilifanya jambo ambalo nadhani wengi wamelifanya. Sayori alipokufa, nikakimbilia kurudi nyuma. Nilikuwa nimehifadhi mchezo sehemu kadhaa, nikajiambia nitaanzia siku moja kabla, nichague maneno mengine, nimwokoe. Wapi! Mchezo ulikuwa umefuta vyote nilivyohifadhi, ukaanza upya kana kwamba Sayori hakuwahi kuwepo. Na nikwambie ukweli, nilichokisikia hakikuwa huzuni tu. Ilikuwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa kitu chake. Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kutafuta historia ya michezo ya aina hii.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni riwaya unayoisoma kwenye kompyuta. Picha ya mhusika imesimama, maneno yanapita chini yake, muziki unapigwa, na mara mojamoja unaulizwa uchague. Ukichagua hivi unaingia njia ya msichana huyu, ukichagua vile unaingia ya yule. Kila mpendwa ana njia yake. Hilo la njia tulikumbuke, tutalirudia.

Watu husema Dan Salvato, Mmarekani aliyeutunga mchezo huu, alichukua hadithi tamu ya mapenzi ya Kijapani akaitia sumu ya hofu. Mimi sikubali. Hofu ilitangulia. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ilitoa Otogirisō: kijana na mpenzi wake wanapata ajali ya gari, wanajificha kwenye jumba kubwa msituni, na yanayofuata ni vitisho. Mwaka 1996 kampuni ya Leaf ikafuata mtindo huohuo katika Shizuku, hadithi ya giza tupu. Mapenzi matamu ya shule yalikuja kuwa sura maarufu ya fani, lakini hayakuwa mlango wake pekee.

Tena hata huo utamu wenyewe tuutazame vizuri. Mwaka 1994 Konami walitoa Tokimeki Memorial, mchezo ambao si riwaya hasa bali hesabu ya maisha ya kijana kwa miaka mitatu ya sekondari: usome, ufanye mazoezi, umtoe nani matembezi, hadi siku ya mahafali, ambapo ukifanikiwa msichana anakukiri mapenzi chini ya mti. Kuna kitu humo kinanichekesha na kunitisha kwa pamoja. Ukimpuuza msichana kwa muda mrefu, kwenye orodha yako inatokea alama ya bomu. Usipomtuliza linalipuka, maneno yanasambaa, na wasichana wengine nao wanakupoa. Kwa hiyo wivu ulikuwepo tangu hapo, ila ulikuwa tarakimu. Wala mchezo haukukuuliza bomu lile linamuuma nani. Ulikuuliza tu kama una nafasi Jumapili.

Baadaye bomu likapata sura ya mtu. Wajapani wana jina la mhusika huyo, yandere, lililounganishwa kutokana na neno la kuugua na neno la kudekea mpenzi. Katika Saya no Uta ya 2003, mwanamume aliyepata ajali anaiona dunia yote kama nyama na uozo isipokuwa binti mmoja, na kwa ajili yake anaacha utu wake kipande kwa kipande. School Days ya 2005 ina miisho ya damu. Ilipofanywa katuni ya televisheni, kipindi cha mwisho kiliondolewa hewani Septemba 2007 kwa sababu ya mauaji ya kweli yaliyotokea Kyoto. Hizo zilikuwa kazi za kampuni.

Kilichofungua mlango kwa mtu mmojammoja ni Ren'Py, programu ya bure iliyoanza 2004, ambayo hata jina lake limebeba neno la Kijapani la mapenzi. Salvato aliitumia, akafanya kazi karibu miaka miwili na timu ndogo, akautoa mchezo wake bure tarehe 22 Septemba 2017. Ndani ya miezi michache ulikuwa umepakuliwa zaidi ya mara milioni moja.

Monika ni rais wa klabu ya fasihi. Wenzake watatu wana njia, yeye hana. Kila usiku unaandika shairi kwa kuchagua maneno ishirini, na kila neno linampendeza mmoja wa wale watatu. (Sisi tunaopenda fasihi tungepaswa kuona aibu hapa: shairi limekuwa chambo.) Hakuna neno hata moja lililowekwa kwa ajili ya Monika. Naye ndiye pekee anayejua kwamba yumo ndani ya mchezo. Basi anaanza kuharibu wenzake: anaongeza msongo wa Sayori, anachochea kichaa cha Yuri, mwisho anawafuta. Halafu anakaa mbele yako mezani, anakutazama, anaongea bila kuchoka, na anaweza kukuita kwa jina lililosajiliwa kwenye kompyuta yako. Hapo ngozi ilinisisimka. Ili uendelee, unatoka nje ya mchezo, unatafuta folda ya wahusika, unalifuta faili la monika kwa mkono wako mwenyewe.

Ni ukatili, ndiyo, na simtetei. Lakini alichofanya Monika kwa mafaili ndicho nilichokuwa nafanya mimi kwa kuhifadhi na kurudi: kuondoa yasiyonipendeza, kumrudia mtu mpaka aseme ninalotaka. Na Salvato anajua hivyo. Upo mwisho mmoja wenye faraja, ambapo Sayori anakushukuru kwa kuwapenda wote. Kuupata, lazima kabla hajafa uwe umewaendea wasichana wote watatu na kuona picha zao zote, yaani umchague mmoja, urudi nyuma, umchague mwingine, urudi tena.

Niliupata mara ya pili. Ilinichukua wikiendi nzima, na daftari pembeni nikiandika nani anapenda neno gani. Ukurasa wa Monika haukuwepo.