Gari la otomatiki linashtuka baada ya kubadilisha difu? Usikimbilie kununua gia boksi

Gari limetoka gereji. Difu ya nyuma iliyokuwa inalia imetolewa, imefungwa nyingine ya mtumba, na mlio umekwisha. Lakini kilomita chache tu mbele, kila gia inapobadilika gari linashtuka kama limesukumwa kwa nyuma.

Hapo ndipo wenye magari wengi huambiwa, "Bosi, gia boksi imekufa." Huenda ni kweli. Lakini kama gia boksi ilikuwa nzima kabla ya difu kuguswa, sababu itafutwe kwanza kwenye kazi iliyofanyika jana. Mara nyingi tatizo ni la bei ndogo kuliko gia boksi nzima.

Kwa nini ni muhimu Kabanga

Kabanga ni mji mdogo wa mpakani wilayani Ngara, mkoani Kagera. Ng'ambo yake ni Kobero, Burundi, na hapo hupita magari na mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda nchi hiyo. Ngara ni wilaya ya vilima. Gari linapanda, linashuka, halafu linaacha lami na kuingia njia za udongo. Difu hufanya kazi ngumu.

Ikifa, spea inaweza kuagizwa kutoka Kahama, Mwanza au hata Dar, na mara nyingi ni ya mtumba, imetolewa kwenye gari jingine. Ikifika, swali la kwanza huwa ni "inaingia?" Swali linalosahaulika ni "namba yake ni ngapi?"

Difu ina namba, na namba ina maana

Ndani ya difu kuna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela shafti, na kraunwili, gia kubwa inayopeleka mzunguko kwenye matairi. Chukua meno ya kraunwili, gawanya kwa meno ya pinioni, unapata uwiano wa difu:

- Meno 43 kwa 10 ni 4.300
- Meno 41 kwa 10 ni 4.100
- Meno 43 kwa 11 ni 3.909

Difu ya 4.300 maana yake propela shafti inazunguka mara 4.3 ili tairi lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari linapanda mlima kwa urahisi ila injini inazunguka zaidi kwenye barabara kuu. Ikiwa ndogo, injini inapumua barabarani lakini mlimani gari linakuwa zito.

Difu mbili zinaweza kufanana kwa nje, boliti zikaingia vizuri kabisa, lakini ndani namba zikawa tofauti.

Gia inaanzaje kushtuka?

Kontroli boksi ya gari haioni difu. Inasoma taarifa za sensa, kisha inaamua lini ibadilishe gia na kwa presha gani ya oili.

Kwenye magari mengi ya zamani, sensa ya spidi iko kwenye mkia wa gia boksi. Ukibadilisha namba ya difu, spidi inayoonekana kwenye dashibodi inakuwa ya uongo, na gia inabadilika mapema au kwa kuchelewa ukilinganisha na mwendo halisi. Kishindo kikubwa si lazima kitokee. Kama gari ni la aina hii na linashtuka vibaya, namba ya difu si mshukiwa wa kwanza.

Kwenye baadhi ya magari mapya, kontroli boksi inapata mwendo wa matairi kutoka sensa za ABS na inaweza kuulinganisha na mzunguko wa shafti ya gia boksi. Difu ikiwa na namba tofauti, hesabu hazikubaliani. Kontroli boksi inaweza kudhani klachi za ndani zinateleza. Dawa yake ni kuongeza presha ya oili ili klachi zibane kwa nguvu. Dereva ndiye anayesikia kishindo.

Hali ikizidi, gari linaingia kwenye hali ya kujilinda: linabaki kwenye gia moja au mbili, linakosa nguvu, na taa inawaka.

Anza na vya bei ndogo

*1. Soma taa na kodi*

Angalia kama taa ya injini au ABS imewaka. Kwenye Toyota nyingi, taa ya O/D OFF inayowaka na kuzima yenyewe ni ishara kuwa kontroli boksi imeona hitilafu kwenye gia boksi. Mwombe fundi aunganishe mashine ya kupimia. Kodi P0500 inahusu sensa ya spidi ya gari, P0720 sensa ya shafti inayotoka gia boksi, na P0730 uwiano wa gia usio sahihi.

Kodi inaonyesha pa kuanzia kutafuta. Haitoshi peke yake kuamua spea ipi inunuliwe.

*2. Kagua nyaya na plagi*

Kazi ya difu inapita karibu na nyaya za ABS. Waya ukivutwa, plagi ikisahaulika au sensa ikijaa grisi, taarifa inakatika. Kuzikagua ni kazi ya dakika chache na pengine haitakugharimu kitu.

*3. Pima oili ya gia boksi*

Hili husahaulika sana. Kwenye magari ya kusukumwa na tairi za nyuma kama Toyota Mark II au Noah za zamani, propela shafti imechomekwa kwenye mkia wa gia boksi. Ikichomolewa ili difu itoke, oili ya ATF inaweza kumwagika. Isiporudishwa, gia boksi inakosa presha: gia inachelewa kuingia, kisha inaingia kwa kishindo.

Kama gia boksi ina kijiti cha kupimia, pima gari likiwa sehemu tambarare, limepata moto, injini inawaka na gia iko P. Soma alama ya HOT. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo kweli gia boksi ina tatizo lake. Usichanganye aina: kwa mfano, Toyota inayotumia T-IV haiwekewi WS kwa kubahatisha.

*4. Je, ni gia au ni chuma kinagonga?*

Kama mlio ni "ko!" unapotoa P kwenda D, au unapoachia mafuta na kukanyaga tena, chanzo kinaweza kuwa nafasi kati ya kraunwili na pinioni. Nafasi hiyo hupimwa kwa kipimo maalumu, na ikiachwa kubwa, meno yanagongana. Kagua pia krosi za propela shafti na boliti zake. Shafti yenye vipande viwili ikiunganishwa bila kufuata alama zake za awali, gari linatetemeka.

Hapo gia boksi haina kosa.

*5. Hesabu namba ya difu*

Difu ya zamani ikiwa bado ipo gereji, hesabu meno yake na ulinganishe. Kama imeshauzwa chuma chakavu, angalia kibao cha gari. Kwenye Toyota, mstari wa C/TR/A/TM una kodi za rangi, upholstari, ekseli na gia boksi kwa mpangilio huo. Kodi ya ekseli ndiyo inayoonyesha difu iliyotoka nayo kiwandani. Muuza spea anayejua kazi yake anaweza kuitafsiri.

Kwa difu iliyoshafungwa kwenye gari la kusukumwa na tairi za nyuma, lisilo na difu ya kujibana, kuna njia rahisi. Zima injini. Zuia matairi ya mbele kwa mawe, weka gia N, achia hendibreki. Inua tairi moja la nyuma na uliweke kwenye stendi, usitegemee jeki peke yake. Zungusha tairi hilo mizunguko 20 huku mtu mwingine akihesabu mizunguko ya propela shafti bila kuingia chini ya gari. Ikizunguka 41, difu ni 4.100. Ikizunguka 43, ni 4.300. Ikizunguka 39 na kidogo, ni 3.909.

Namba ikiwa tofauti, unafanyaje?

Njia salama zaidi ni kurudisha difu yenye namba ya awali. Kwa magari mengi ya Japani yanayotumika hapa, ndiyo pia njia rahisi.

Kama namba imebadilishwa kwa makusudi, mfano kwa sababu gari limefungwa matairi makubwa, fanya hesabu. Difu mpya gawanya kwa ya zamani. Tairi jipya gawanya kwa la zamani, kwa kipenyo. Majibu yakikaribiana, spidi inayoonekana inabaki karibu na ukweli.

Gari lenye kebo ya spidi hurekebishwa kwa kubadilisha kigia kidogo cha kebo hiyo kwenye gia boksi. Kwa magari ya kielektroniki kuna kifaa cha kusahihisha mawimbi ya sensa. Baadhi ya pikapu za Marekani, zikiwemo Ford na Chevrolet, huruhusu uwiano mpya kuandikwa kwenye kontroli boksi. Baada ya marekebisho, fundi afute kumbukumbu ya zamani ya gia boksi, kisha gari liendeshwe taratibu ili lijifunze upya.

Onyo kwa wenye 4x4

Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na namba moja. Zikitofautiana, ukiweka 4x4 matairi ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda kwa mwendo tofauti. Kwenye tope matairi yanateleza na hutagundua haraka. Kwenye lami au mteremko mkavu, vyuma vinajikaza mpaka kitu kivunjike, na usukani unaweza kugoma kukata kona.

Kwa gari ambalo 4x4 yake haizimwi, usiliendeshe kabisa mpaka difu zilingane.

Na spidi nayo

Chukua gari lenye sensa kwenye gia boksi, lililotoka difu ya 4.300 likafungwa 3.909. Dashibodi inasoma 50, kumbe gari liko 55. Katika eneo la makazi lenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, dereva anavunja sheria huku akijiona mstaarabu. Trafiki hatasoma dashibodi yako, na mtoto anayevuka barabara ndiye atakayeumia.

Kabla hujalipia difu nyingine

- Andika namba ya difu ya zamani kabla haijaondoka gereji.
- Risiti ya spea iandikwe namba hiyo.
- Difu ijazwe oili yake sahihi, siyo iliyobaki kwenye dumu.
- Mwendeshe gari wewe na fundi, mlimani na tambarare, kabla ya kumaliza malipo.

Ukiambiwa gia boksi imekufa, omba uonyeshwe mambo matatu: kodi iliyosomwa, kiasi cha oili na namba ya difu. Fundi asiyeweza kukuonyesha hata moja bado hajapima gari lako.