Akili Mnemba na Hesabu za Korosho: Mashaka ya Waandishi wa Programu Yana Haki

Katika utafiti wa Stack Overflow wa mwaka 2025, uliowahoji waandishi wa programu kutoka nchi nyingi, asilimia 84 walisema wanatumia au wanakusudia kutumia zana za akili mnemba kazini. Hata hivyo, asilimia 46 walisema hawaamini usahihi wa majibu yake. Walioyaamini ni asilimia 33. Wapo wanaouita msimamo huu kigeugeu. Mimi nauita weledi, na hoja yangu naijenga juu ya korosho za Newala na Masasi.

Mkulima wa Mkunya, Newala, hupima korosho zake kwenye chama cha msingi (AMCOS), mzigo ukapelekwa ghala kuu chini ya chama kikuu cha TANECU (Masasi ni MAMCU), kisha ukanadiwa. Tangu msimu wa 2024/25 mnada hupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kati ya bei ya mnada na fedha inayoingia benki kuna makato, na makato hukokotolewa kwa programu.

Tuchukue mfano wa kubuni: kato la shilingi 2.50 kwa kilo, na wakulima watatu wenye kilo 33, 41 na 57. Makato yao ni shilingi 82.50, 102.50 na 142.50. Ukiiachia lugha ya programu ya Python iondoe senti kwa kanuni yake ya kawaida, nusu huipeleka kwenye namba shufwa iliyo jirani: 82, 102, 142, jumla 326. Ukipandisha kila nusu, unapata 329. Ukikokotoa kilo zote 131 kwa pamoja, ni 327.50. Majibu matatu, na msimbo wa kila moja unaendeshwa bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Zana itakuandikia mojawapo kwa sekunde chache. Lipi ni halali huamuliwa na mkataba wa chama na mkutano mkuu wa wanachama, na zana haijauhudhuria. Kwa wakulima watatu tofauti ni ndogo mno. Kwa msimu mzima, vitabu vya chama na taarifa ya benki havitalingana, na karani ndiye atakayeulizwa.

Kasi nayo isituzuge. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR iliwapima waandishi wa programu wabobezi 16 wakifanya kazi kwenye miradi waliyoizoea. Walipotumia zana hizi walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na bado waliamini zimewaharakisha. Ni kundi dogo, wala halituambii lolote kuhusu kijana anayeanza kazi, ambaye kwake zana hizi ni mwalimu asiyechoka. Lakini linatosha kumkataza meneja asipunguze siku za uhakiki kwa kigezo cha hisia.

Liko pia suala la sheria. Anayebandika orodha ya wakulima, majina na akaunti zao, kwenye zana inayoendeshwa ng'ambo anagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa hiyo vyama vikuu na halmashauri zinapoagiza mifumo, ziandike ndani ya mkataba muda na malipo ya uhakiki, na jina la mtu atakayeweza kuufafanua kila mstari wa makato mbele ya wanachama. Mzabuni asiyeweza kumtaja mtu huyo asipewe kazi, hata bei yake ikiwa ya chini kuliko zote.